Si Kila Shamba Hurutubishwa na Maharage

Ukifungua kijitabu cha ugani wa kilimo, kiwe kimechapwa Nakuru, Morogoro au Bukavu, hukosi kukuta ushauri huu: panda mikunde, ardhi itarutubika. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, karanga, soya, yote haya, tunaambiwa, huchukua naitrojeni ya hewani na kuiacha shambani ikisubiri mahindi ya msimu ujao. Ushauri huo si uongo, ila umekatwa mkia. Kilichoachwa nje ni masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoamua kama mkulima atapata mbolea ya bure au atavuna magunia machache na kuuacha udongo umechoka kuliko alivyoukuta. Mikunde hunasa naitrojeni pale ambapo udongo umepungukiwa na naitrojeni lakini una karibu kila kitu kingine. Mashamba ya namna hiyo si mengi kama tunavyodhani. Shamba lililochoka kabisa, lile linalohitaji msaada kuliko yote, ndilo ambalo mikunde hulisaidia kidogo zaidi.

Kwamba jambo hili lina masharti kulijitokeza mapema, kabla hata haijajulikana ni nani hasa anayefanya kazi hiyo. Mwaka 1857 na 1858, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, John Lawes, Joseph Gilbert na mwenzao Mmarekani, Evan Pugh, walitaka kumaliza ubishi wa siku nyingi kama mimea inaweza kujilisha naitrojeni ya hewani. Wakauchoma udongo kwa moto mkali, wakaifunika mimea kwa vioo, wakaisafisha hewa kwa kuipitisha kwenye tindikali kabla haijaifikia. Jibu walilopata ni kwamba hakuna mmea uliochota chochote hewani, mikunde ikiwemo. Walikuwa waangalifu kupita kiasi: moto ule uliwaua bakteria wenye kazi yao. Wakulima walioshikilia kwamba ngano ikifuata mikunde hustawi wakaonekana hawajui wasemalo kwa karibu miaka 30.

Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel, aliyekuwa akifanya kazi na Hermann Wilfarth, alieleza mjini Berlin mambo aliyoyaona katika vyungu vya mchanga. Nafaka kama shayiri zilikua kwa kadiri ya naitreti iliyotiwa: ukiongeza zinanenepa, ukinyima zinadumaa. Njegere hazikufuata hesabu yoyote. Chungu kimoja kisichopewa kitu kilistawi, cha jirani yake kikanyauka. Mchanga ulipotiwa joto la kuua vijidudu, njegere nazo ziligeuka kuwa kama shayiri. Ulipomwagiwa maji kidogo yaliyochujwa kutoka udongo wa shamba, zikafufuka, na mizizi yake ikatoa vinundu. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe. Ila kuna jambo moja ambalo masimulizi mengi hulipita mbio. Hata zile njegere zilizofufuka zilipitia kwanza kipindi cha njaa, majani yakififia na kuwa manjano, kabla hazijanyanyuka. Kwangu mimi, kipindi hicho ndicho kiini cha habari nzima.

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Shida ni kwamba atomi zake hutembea mbilimbili, na kifungo kinachoziunganisha ni kigumu mno kukatika. Viwanda vya mbolea hukikata kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na kwa mgandamizo unaozidi mara 150 ule wa hewa ya kawaida. Bakteria wa raizobia hukikata ndani ya kinundu kidogo kwenye udongo wa joto la kawaida, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi. Moto hakuna, lakini gharama ipo palepale: kila molekuli moja ya naitrojeni humeza molekuli 16 za ATP, kemikali ambayo kila chembe hai huitumia kubebea nishati. Sukari ya kulipia gharama hiyo hutoka kwenye majani. Kwa maneno mengine, sukari inayokwenda kwenye vinundu ni sukari ambayo haikwenda kwenye tawi, ua wala mbegu.

Ndiyo maana mmea hauanzi kazi hii mpaka ubanwe. Mizizi yenye njaa ya naitrojeni hutoa kemikali za jamii ya flavonoidi. Raizobia walio karibu huzitambua na kujibu kwa kemikali zao, kinyweleo cha mzizi kikajikunja, bakteria wakaingia, na baada ya wiki mbili tatu kinundu kikaonekana kwa macho. Mizizi ikikuta naitreti ya kutosha, vinundu huwa vichache au hukosekana kabisa, na vilivyokwisha kutokea hupunguza kazi. Mwenye kisima uani hatumi mtu mtoni. Isitoshe, mmea una breki ya ziada: vinundu vya kwanza hupeleka taarifa kwenye majani, na majani yakarudisha amri ya kuzuia vinundu vingine visiote. Mwaka 1985 watafiti nchini Australia walitangaza soya ambayo breki hiyo ilikuwa imeharibika. Ilijaza vinundu mizizi mizima, hata penye naitreti, na badala ya kunenepa ikabaki ndogo kuliko soya ya kawaida, imeelemewa na walaji wa sukari yake yenyewe.

Mmea hauwaachii hata bakteria wenyewe wajikalie. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake walichapisha jaribio ambalo napenda kulirejea kila ninapomsikia mtu akiuita uhusiano huu urafiki. Walichukua vinundu vya soya na kuvizungushia mchanganyiko wa agoni na oksijeni badala ya hewa, ili bakteria waliomo wasiwe na naitrojeni ya kunasa, hata wakitaka. Bakteria hao waliishia kuzaana kwa karibu nusu tu ya wenzao waliokuwa kwenye hewa ya kawaida. Ilielekea mmea ulikuwa umewapunguzia oksijeni. Asiyeleta hakai bure.

Mfano mzuri wa upande wa pili, yaani mahali pasipo na naitrojeni kabisa, uko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa yameacha sakafu tupu ya mawe ya matumbawe, jua likiwaka juu yake bila udongo wala kivuli. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alijaribu miti mbalimbali pale. Mvinje ndio ulioonyesha kwamba unaweza. Mvinje si jamii ya mikunde, lakini nao una vinundu, na wakazi wake ni bakteria wengine wanaoitwa Frankia. Majani yake membamba yaliyodondoka yalikuwa magumu kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna na kuyageuza mboji. Leo pale pana msitu unaotembelewa na watalii. Penye jiwe tupu, mti unaojiletea naitrojeni una faida kubwa juu ya jirani zake. Uweke mti huohuo kwenye udongo uliojaa naitreti, faida hiyo inatoweka.

Turudi shambani. Katika udongo mwingi wa Afrika Mashariki, kikwazo kinachotangulia vingine ni fosforasi. Sababu mojawapo imekwisha kutajwa bila jina: ATP yenyewe imeundwa kwa fosforasi, kwa hiyo kazi inayotumia ATP kwa wingi namna ile haiwezi kwenda penye ukame wa fosforasi. Vinundu hukusanya fosforasi kuliko sehemu nyingine za mmea. Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi. Mmea wenye njaa ya fosforasi huwa na mizizi mifupi na majani machache, sukari inakuwa haba, na haba hiyo inagawanywa kwanza kwingine. Sasa uangalie ule udongo mwekundu wa Vihiga, Kakamega na Siaya, au wa Walungu kule Kivu Kusini. Wekundu wake ni madini ya chuma, na chuma pamoja na aluminiamu huishika fosforasi kwa namna ambayo mizizi mingi haiwezi kuibandua. Udongo unaweza kuwa na fosforasi nyingi ukiupima maabara, na maharage juu yake yakafa njaa.

Watafiti waliozunguka mashamba ya magharibi mwa Kenya wameeleza kwa urefu jambo ambalo kila mwenye shamba kule analijua: shamba moja la familia si shamba moja. Kipande kilicho karibu na nyumba hupata samadi ya zizi, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na takataka za kufagia uwanja. Kipande cha mbali, kule mteremkoni, hakipati kitu kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna anayebeba samadi kichwani umbali huo wakati cha karibu bado kinaitaka. Panda maharage pande zote mbili. Karibu na nyumba yatakuwa ya kijani kibichi, mazito, lakini chimbua mizizi utakuta vinundu vichache: naitreti ya samadi imeyashibisha. Kule mbali utakuta mashina membamba na vinundu vidogo kama punje za mtama, au hakuna kabisa: fosforasi haipo. Kazi ya kunasa naitrojeni hufanyika vizuri zaidi katikati, kwenye kipande ambacho hakijashiba wala hakijachoka kabisa. Nakiri kwamba sijaona kijitabu cha ugani kinachomwambia mkulima apeleke mikunde yake kwenye kipande hicho. Vingi humpeleka moja kwa moja kule kulikochoka, kana kwamba maharage ni dawa.

Katika kanda hizo wengi hupanda mahindi na maharage katika shimo moja, wakitupia DAP ya kupandia. Mseto huo una mantiki yake. Mbolea hiyo ina fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo, na mahindi, ambayo ni mlafi wa naitreti, huikausha iliyopo na kuyalazimisha maharage yatazame juu. Lakini mahindi yakishapita kiuno huyafunika maharage kivuli, na majani yasiyopata jua hayana sukari ya kulisha vinundu. Ndiyo maana huko Bungoma ulibuniwa upandaji wa mistari miwili ya mahindi ikifuatiwa na miwili ya mikunde, ili mwanga upenye bila kupunguza idadi ya mahindi. Ni hila rahisi na naipenda, ingawa inahitaji kamba, vipimo na subira ambayo mtu anayekimbizana na mvua hana.

Fosforasi tofauti na naitrojeni haipo hewani. Ikiisha lazima iletwe. Katika miaka ya 1990 Pedro Sanchez na wenzake katika kituo cha utafiti wa kilimo mseto na misitu, ICRAF, jijini Nairobi, walijenga hoja kwamba fosforasi itazamwe kama mtaji wa shamba: iwekwe kwa wingi mara moja, halafu mimea inayonasa naitrojeni ilete iliyobaki. Kwa upande wa mali ghafi, Tanzania imejaliwa. Minjingu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati, karibu na Ziwa Manyara, pana mwamba wa fosfeti uliotokana na kinyesi na mabaki ya ndege na samaki wa kale. Kwa kuwa asili yake ni viumbe na si volkano, huyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko fosfeti ya Panda kule Mbeya au ya Sukulu karibu na Tororo. Uzuri wake mwingine ni kwamba unachohitaji ili uyeyuke ni uchachu wa udongo wenyewe, na ndani yake mna kalisi inayopunguza uchachu huo. Ukiumwaga kwenye udongo usio na uchachu utakaa pale kama changarawe, na mkulima atasema amedanganywa. Wako waliosema hivyo, na kwa udongo wao walikuwa sahihi.

Kuna mikunde ambayo haingoji mtu alete fosforasi. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya ICRISAT, karibu na Hyderabad nchini India, walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi yenye uwezo wa kuibandua fosforasi iliyoshikwa na chuma, ile ambayo mtama na mahindi hayawezi kuigusa. Mbaazi hufanya kazi polepole, hukaa shambani miezi mingi, huzamisha mzizi chini sana, na hudondosha majani kabla ya kuvunwa. Kwa mashamba mekundu yaliyochoka sidhani kama kuna mmea wa chakula unaofaa zaidi. Maharage ya kawaida yako upande mwingine kabisa: maisha mafupi, mizizi ya juujuu, na haraka ya kutoa mbegu. Nchini Rwanda maharage yanayopanda kwenye miti, ambayo huishi muda mrefu na kuwa na majani mengi kuliko yale mafupi ya kichakani, hunasa naitrojeni nyingi zaidi. Lakini hayo nayo hudai fosforasi au samadi, na hudai miti ya kuegemea, ambayo mara nyingi hupatikana kwa kukata miti mingine.

Uchachu una madhara yake mbali na fosforasi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Kalisi huwa haba. Raizobia wengi hupungua au hufa. Na kuna madini mengine ambayo hutoweka kimyakimya: molibdenamu. Naitrojenesi ina chuma na molibdenamu katikati yake, bila hivyo haifanyi kazi. Kiasi kinachohitajika ni kidogo hata ni vigumu kuamini. Mwaka 1942 Arthur Anderson, mtafiti wa Australia, alieleza kisa cha malisho ya Australia Kusini yaliyokuwa yakidumaa hata baada ya kutiwa fosfeti, isipokuwa pale palipomwagwa majivu ya kuni. Alipoyachunguza majivu hayo akagundua kwamba siri ilikuwa molibdenamu, na kwamba gramu chache kwa ekari zilitosha kubadilisha malisho yote. Bibi anayemwaga majivu ya jiko kwenye kunde zake hajasoma Anderson, lakini kwenye udongo mchachu anafanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: anapandisha pH, jambo ambalo huiachia molibdenamu iliyokwama, na anaongeza kidogo mpya.

Molibdenamu imewahi kuwapotosha hata wataalamu. Katika misitu ya Panama, bakteria wanaoishi huru kwenye udongo walinasa naitrojeni zaidi kila mahali palipotiwa mbolea ya fosfeti, na ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba fosforasi ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Mwaka 2009 Alexander Barron na wenzake walionyesha kwamba mbolea ile ilikuwa na chembe za molibdenamu zilizoingia bila kukusudiwa, na hizo ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Kwa hiyo tunaposema kwamba mikunde katika shamba fulani imeitikia mbolea ya fosforasi, tunakuwa tumesema kwamba imeitikia kilichokuwa ndani ya mfuko. Mwamba wa Minjingu una fosforasi na kalisi. Mbolea ya SSP ina salfa. DAP ina naitrojeni. Majaribio mengi ya shambani hayatenganishi haya.

Karanga zina udhaifu wa peke yake. Ua likishachavushwa, kikonyo chake hujichimbia ardhini, na ganda linalokua huko chini hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka udongo unaolizunguka, si kupitia mizizi. Kwenye udongo wa kichanga usio na kalisi, mmea unaweza kuwa na vinundu vyekundu, majani ya kijani na kila dalili ya afya, kisha mkulima akapasua maganda na kuyakuta matupu. Hapo naitrojeni imenaswa barabara, na chakula hakuna.

Baada ya udongo, bakteria. Swali la kama mkulima anunue raizobia wa pakiti haliwezi kujibiwa kwa mikunde yote pamoja. Kunde, choroko na karanga hukubaliana na bakteria wengi waliozagaa katika udongo wa Afrika, na kuwaongezea wengine mara nyingi hakubadilishi kitu. Soya ilitoka Asia, na bakteria wake wa asili hawakuja nayo. Inapopandwa mara ya kwanza mahali, bila bakteria wake haitoi vinundu vya maana, huwa manjano na hula naitrojeni ya udongo kama nafaka. Hapo pakiti ina faida kubwa kwa bei ndogo. Nchini Kenya, raizobia waliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi huuzwa kwa jina la Biofix. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho kiliwahi kuzalisha wa kwake. Taasisi ya IITA, Ibadan, ilipita njia nyingine: ilizalisha soya zinazokubaliana na bakteria wa kienyeji, na Zambia ilikuwa na mbegu yake, Magoye, yenye tabia hiyohiyo. Maharage yako katikati, tena kwa njia ya kuudhi. Huvamiwa na bakteria wengi wa kienyeji, wengine wavivu, na hao wa kienyeji waliozoea udongo huwashinda wale wa pakiti kufika kwenye mizizi.

Raizobia wa pakiti ni viumbe hai, na duka la pembejeo lenye paa la bati si makao yao. Joto huwaua. Jua la saa chache juu ya mbegu zilizochanjwa huwaua. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuvu huweza kuwaua kabla hazijafika ardhini. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Wageningen pamoja na IITA, ulijaribu mbegu bora, raizobia na fosforasi katika mashamba mengi ya wakulima kuanzia Ghana hadi Kivu. Kwa wastani mavuno yalipanda, lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa kati ya shamba na shamba. Kwa jirani mmoja soya ilinenepa, kwa mwingine, ng'ambo ya kijito, hapakuonekana kitu. Udongo usioitikia chochote upo kweli, na kwa kawaida umepungukiwa na mambo matatu au manne kwa pamoja, kiasi kwamba kutibu moja hakuonekani.

Kuna kipimo kisichohitaji maabara. Mmea unapoanza kutoa maua, chimbua kwa jembe, usiung'oe kwa sababu vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Rangi ya waridi au nyekundu ndani yake ni hemoglobini, ndugu wa ile ya damu yetu, ambayo huwagawia bakteria oksijeni kidogokidogo bila kukiharibu kimeng'enya. Kinundu chekundu kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani ndani hakifanyi, au kimeacha. Vinundu vingi vidogo vyeupe vilivyotapakaa hudokeza bakteria wavivu. Kukosekana kabisa kwenye mmea wa kijani kibichi kunaashiria naitreti nyingi, na kukosekana kwenye mmea wa manjano kunaashiria ama bakteria hawapo ama udongo umewakataa. Si kipimo kamili, maana mmea uliopita wiki mbili za ukame au uliosimama majini utaonyesha vinundu vilivyokufa hata kwenye udongo mzuri. Lakini kinashinda kubahatisha.

Tuseme sasa kila kitu kimekwenda sawa. Je, udongo umerutubika? Hapa inabidi kupiga hesabu, na hesabu hii ndiyo iliyonifanya nisiamini tena vile vijitabu. Maharage makavu yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi. Mkulima aliyevuna magunia 6 ya kilo 100 amebeba kilo 21 za naitrojeni nje ya shamba, karibu sawa na mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, ambao una kilo 23. Tuchukulie kwamba mashina, majani na maganda yana kilo nyingine 9, jumla 30. Maharage, kwa wastani wa dunia, hupata hewani asilimia 40 hivi ya naitrojeni yake. Kunde, karanga na soya huvuka 60. Asilimia 40 ya 30 ni kilo 12. Zimeingia 12, zimetoka 21. Hata kama mabua yote yamerudishwa shambani, udongo umepungukiwa na kilo 9. Na yamerudishwa kweli? Maharage hung'olewa na mizizi yake, hubebwa hadi uwanjani, hupurwa huko, na makapi huliwa na mbuzi au huchomwa moto. Hapo upungufu ni kilo 18. Mahindi yanayofuata bado yanaweza kustawi kuliko yale yanayofuata mahindi, kwa kuwa maharage hayakuikomba naitreti yote kama mahindi yangefanya na kwa kuwa magonjwa ya mahindi yamekatiziwa mzunguko. Lakini ardhi imetoa, haikupokea.

Soya haiponi hesabu hii. Hunasa nyingi zaidi, lakini mbegu yake ina naitrojeni ya karibu asilimia 6, na aina zilizoboreshwa kwa mavuno makubwa huhamishia karibu kila kitu kwenye mbegu. Kadiri mzalishaji wa mbegu anavyofaulu, ndivyo kinachobaki shambani kinavyopungua. Anayetaka mmea utakaouachia udongo mali nyingi inabidi atafute ule usiovunwa. Marejea ndio mfano uliowahi kuhimizwa sana kusini mwa Tanzania, kupitia Wabenediktini wa Peramiho: hukua haraka, hufunika magugu, huzikwa ungali mbichi na kuacha naitrojeni yake yote pale pale. Tatizo lake liko wazi kwa yeyote mwenye ekari mbili na watoto watano. Msimu mzima ardhi inakaa na mmea uliopandwa ili uzikwe, si ili uvunwe.

Ndiyo maana narudi kwa mbaazi, inayolika, inayouzika, na bado inadondosha majani yake kabla ya mavuno. Mikoa ya Manyara, Lindi na Mtwara imeilima kwa wingi, na sehemu kubwa ilikuwa ikienda India. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje, na bei vijijini ikaanguka vibaya, magunia yakabaki majumbani. Mkulima wa Babati hapo hakuwa na sababu ya kupanda tena, hata kama maabara yote ya dunia yangempa kongole kwa asidi ya mizizi yake. Fosforasi ya Minjingu, karibu naye kabisa, haikuweza kumsaidia katika hilo. Huku Pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa cha kila siku. Soko hilo ni dogo kando ya lile la India, na wafanyabiashara wakubwa hawalihesabu, lakini halifungwi kwa tangazo la New Delhi.